Miaka ya Kusemea Watu

Kazi ya ukalimani niliipata kwa sababu mtu aliyekuwa akiifanya aliacha kujibu salamu.

Alikuwa mzee wa kwetu, wa Kivu ya Kusini kule Kongo, mwalimu wa Kifaransa kabla ya vita, na pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kila mtu alimwita Papa. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa katikati ya watu wawili, mkimbizi upande huu na afisa anayemhoji upande ule, akiyageuza maneno ya mmoja ili mwingine ayaelewe. Asubuhi nilipokwenda kuteka maji nilimkuta kwenye baraza ya ofisi kabla haijafunguliwa, shati limenyooshwa vizuri, midomo inacheza. Nilidhani anasali. Siku moja nilimwamkia.

"Jambo, Papa. Umeamka salama?"

Aliniangalia kwa adabu yake ileile ya siku zote. "Walikuja wakati wa kupika," akasema. Halafu midomo ikaendelea kucheza.

Nilicheka kidogo, kama mtu anavyocheka asipojua la kufanya, nikaondoka na ndoo yangu. Baadaye nikasikia kwamba jibu la namna hiyo analitoa kwa kila anayemwamkia. Ukimwambia habari za asubuhi, anakwambia walivuka mto. Ukimuuliza watoto hawajambo, anasema mmoja walimkuta kitandani. Na watoto wake mwenyewe walikuwa wazima, watu wazima wenye familia zao. Ndio waliokuja kumchukua wakaenda naye kuishi kwao, upande mwingine wa nchi. Kiti chake kikabaki wazi, na mimi nikaitwa kukikalia.

Wakati huo tulikuwa tumeshaishi Rubondo, sehemu mojawapo ya kambi, miaka kadhaa. Mume wangu alilima mahindi na maharage kwenye kiwanja tulichopewa. Mimi nilikuwa nimesoma sekondari kwetu, Kifaransa ninacho, na Kiingereza nilikuwa nimejifunza kanisani, kwenye darasa la watu wazima. Tulikuwa na mabinti watatu. Nilipoambiwa nimepata kazi ya kukaa kwenye kiti, ndani ya chumba chenye feni, nilihisi Mungu amenikumbuka.

Afisa alinipa sharti moja. Mtu akisema "mimi", na wewe useme "mimi". Usiseme "anasema kwamba". Maneno yapite ndani yako kama maji kwenye bomba, wewe usiongeze wala usipunguze. Nikaona ni jambo jepesi.

Basi kila siku, tangu asubuhi hadi jua linapoanza kuegemea, nilikuwa mimi wa watu wengine. Mimi nilijificha chini ya kitanda. Mimi nilimwacha mama njiani kwa sababu hakuweza kutembea. Mimi niliona mkono wa mume wangu nikautambua kwa saa. Watu waliingia mmoja mmoja, wakakaa, wakasema, wakatoka wakifuta macho. Wengine walinishika mkono mlangoni wakinishukuru, na kweli walionekana wepesi kidogo kuliko walivyoingia. Sikujiuliza huo uzito wameuacha wapi.

Cha kwanza kilikuwa harufu ya moshi.

Ilinijia mchana, nikiwa natembea kurudi nyumbani: harufu ya nyasi za paa zikiungua, na chini yake harufu nyingine ambayo sitaki kuiandika. Nikasimama nikatazama pande zote. Mashamba yalikuwa kimya, hakuna aliyechoma hata takataka. Nilinusa nguo zangu, nikanusa viganja. Nikajiambia ni mafua. Jumapili ikarudi, tena kanisani, katikati ya wimbo, nikamuuliza jirani yangu kama anasikia kitu kinaungua. Akasema hapana, akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Halafu njia ikaanza kupotea. Simaanishi kwamba nilipotea mimi. Nilitoka ofisini nikafika nyumbani, lakini katikati hapakuwa na kitu. Sikumbuki kilima, sikumbuki ng'ombe wenye pembe ndefu waliokuwa wakizuia barabara kila jioni, sikumbuki niliyesalimiana naye. Najikuta tu mlangoni, vumbi limenijaa miguuni, kama mtu aliyeletwa na kuwekwa. Chakula nacho kilikoma kuwa na ladha. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani, vyote vilikuwa kama karatasi iliyoloweshwa. Nilipoingia ndani mabinti waliacha kuongea. Zamani walinikimbilia, na sasa waliangalia mikono yangu, wajue leo nimekuja na hasira au nimekuja na ule ukimya.

Kila dalili niliipatia kisingizio chake. Moshi ni mafua. Njia ni mawazo. Chakula ni malaria inayotaka kuanza. Hasira ni joto. Zote nilikuwa nazo mkononi, ila sikuwahi kuziweka pamoja.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilipakua chakula cha mchana. Tulikaa kwenye mkeka, mume wangu akaomba, tukasema amina. Alipofumbua macho hakunyoosha mkono kwenye bugali. Alikuwa anatazama sahani.

"Mama watoto," akasema polepole, "iyi sahani ni ya nani?"

Kulikuwa na sahani iliyozidi. Nilikuwa nimeipakulia vizuri, mboga pembeni, kipande kidogo cha samaki kilichotolewa miiba.

"Ya mdogo wao," nikajibu. "Amelala."

"Mdogo wao gani?"

Nikanyoosha kidole kwenye kona, pale tulipokunja mablanketi. Nilikasirika kwamba ananiuliza jambo la wazi hivyo, tena mbele ya watoto. Binti yangu wa mwisho aliinuka, akaenda hadi kwenye kona, akainama akatazama. Akakaa pale kitambo, kama anayesikiliza mtu akipumua. Aliporudi hakuketi mahali pake karibu nami. Alikwenda kuketi nyuma ya baba yake.

Hapo ndipo nikakumbuka. Mtoto yule hakuwa wangu. Alikuwa wa mwanamke mmoja mwenye blauzi nyekundu aliyekuja ofisini katikati ya juma, na nilikuwa nimesema kwa kinywa changu, kwa Kiingereza changu kizuri: mimi nilimtolea miiba ya samaki kila siku kwa sababu alikuwa mdogo. Nilikaa nimelishika bakuli la mboga. Mume wangu aliichukua ile sahani, akagawanya chakula kwa mabinti, akaifudikiza.

Baadaye tulikuwa nyuma ya nyumba, tukipura maharage.

"Uache iyi kazi," akaniambia.

"Nikiacha, nani atawasemea?"

"Watatafuta mwengine."

"Mwengine kama nani? Kama Papa?"

Nilisema hivyo kwa ukali, bila kusikia nilichosema. Yeye alinisikia. Alisimamisha fimbo, akanitazama, na nikaona kwamba mume wangu ananiogopa. Nikaendelea kupura.

Siku chache baada ya hapo nilitoka kazini mapema, jua bado kali. Nilifika nyumbani, nikasukuma mlango, nikavua kitenge cha begani nikakitundika nyuma ya mlango bila kutazama, msumari ukakipokea. Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua mboga za lenga-lenga zilizokuwa kwenye ungo. Nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa na amani. Nilikuwa nimeshachambua fungu zima pale kivuli kilipoziba mlango.

"Mama, uko natafuta nani?"

Mwanamke alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni na jerikeni mkononi. Nikataka kumuuliza anataka nini nyumbani kwangu. Kisha nikaona jiko halikuwa langu. Mkeka haukuwa wangu. Kigoda nilichokalia kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa waya, na sisi hatukuwa na kigoda cha namna hiyo.

Nilimtambua yeye kabla sijajitambua mimi. Alikuwa amepita ofisini miezi ya nyuma. Katika habari yake alieleza nyumba aliyoiacha kwao: mlango unaelekea wapi, jiko liko wapi, msumari wa kutundikia nguo uko nyuma ya mlango, juu kidogo ya bega. Nami niliyasema yote hayo, neno kwa neno. Hapa Rubondo, kwa miti na udongo aliopewa, alikuwa amejijengea nyumba ileile. Na mimi nilikuwa nimerudi kwangu.

"Ni weye ulinisemeaka ku biro?" akaniuliza.

"Ni mimi," nikasema, na neno lenyewe likanitia baridi.

Hakunifokea. Alitua jerikeni, akanipa maji kwenye kikombe, akasubiri ninywe. Kisha akatungua kitenge changu, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha msiba. Nilipofika mbali niligeuka. Bado alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha mkono mmoja akashika mwimo, amejaza nafasi yote ili asipite mtu.

Kesho yake nilikwenda kazini. Jambo hilo linanishangaza hadi leo kuliko mengine yote. Niliamka, nikaoga, nikaenda.

Kilichonisimamisha kilitokea mjini Mbarara. Nilipewa kazi ya kumsindikiza mama mmoja mzee wa Kibembe aliyekuwa anapoteza macho. Tulipelekwa kwa gari hadi hospitali ya misheni, Ruharo, mimi, yeye na mjukuu wake wa kike, msichana mkubwa wa kumhudumia. Tulikaa kwenye korido yenye sakafu inayong'aa. Nesi aliyetupokea alikuwa Mganda wa makamo, mwenye Kiswahili cha kambi za jeshi, kinachokwenda bila kujali ngeli. Alikitumia akaona mama mzee hamwelewi vizuri, akahamia Kiingereza na kuniachia mimi kazi.

"Muulize, macho yalianza kumsumbua lini?"

Nikauliza. Mama mzee akajibu kwamba ilianza kama kitambaa cheupe. Kwanza pembeni, halafu kikavutwa taratibu mpaka kikafunika mahali pote. Nami nikasema: kwangu ilianza kama kitambaa cheupe.

Mama mzee alinyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilisikia sauti yangu inaendelea, kwa Kiingereza, shwari kabisa, ikieleza daraja, na watu waliosubiri darajani, na nani aliyeanguka kwanza. Sikujua ni habari ya nani. Na wakati inaendelea, korido ikaanza kuwa nyeupe. Dirisha likaondoka. Uso wa nesi ukaondoka, na mwishowe mikono yangu mwenyewe mapajani. Nikapapasa hewani.

"Nyabo?" nesi akaita. Hilo ni neno lao la kumwita mwanamke kwa heshima. "Nyabo, mgonjwa ni nani hapa?"

"Ni mimi," nikasema.

Mkono mkavu ukanishika kwenye kifundo cha mkono. Haukuwa wa nesi.

"Mwana," mama mzee alisema karibu na sikio langu, na hakuwa anabembeleza, alikuwa amekasirika kama mtu aliyekuta mtu kwenye shamba lake. "Ile macho ni yangu. Unirudishie."

Sijui weupe ule ulikaa kwa muda gani. Ulipoondoka nilikuwa nimeketi kwenye chumba kidogo na nesi ananimulika kwa tochi.

"Macho yako iko sawa," akasema, amerudi kwenye Kiswahili chake. "Haina kitu." Akazima tochi, akavuta kiti. "Wewe nalala?"

"Nalala. Lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala."

"Chakula iko na utamu?"

Nikatikisa kichwa.

"Hapa Mbarara umefika na barabara gani?"

Nilifungua kinywa nikakuta hakuna kitu. Tulikuwa tumesafiri asubuhi nzima.

"Nyumbani unapigia watu kelele? Watoto naogopa wewe?"

Nikaanza kulia. Hakuniambia ninyamaze.

"Sikiliza, nyabo. Hii si malaria na hakuna mtu amekuroga. Mimi nimeona hii kwa manesi ya hapa. Nimeona kwa mimi mwenyewe, mwaka moja nilikuwa nasahau kama nimepea mgonjwa dawa, narudi kwa kitanda yake nahesabu vidonge tena. Hii ni kuchoka ya kuingia ndani. Inakuja polepole. Kwanza inachukua usingizi, inachukua utamu ya chakula, inachukua watu yako, na wewe unasema ni kitu kidogo. Kama haupumziki, inachukua wewe mwenyewe. Wewe utakaa wapi, kama ndani yako imejaa watu?"

Alinieleza mambo yangu yote kama mtu aliyekuwa amekaa nyumbani kwetu. Kuyasikia yakiwa yamepangwa pamoja, moja baada ya jingine, ndiko kulikonifumbua. Moshi, njia, sahani, ile nyumba. Mafua gani yanafanya hivyo?

Alinikataza kurudi kwenye kiti kile kwa sasa, na alizungumza mwenyewe na ofisi kwa simu. Mama mzee akabaki na mjukuu wake, na mkalimani mwingine akatumwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kunichukua. Yeye aliishi Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, akiuza nyanya na ndizi kando ya barabara kuu ya Masaka.

Nilikaa kwake hadi msimu ukabadilika. Siku za mwanzo nilikuwa nalala mchana kutwa, malori yakipita nje, na sikuwa nasikia. Halafu nikaanza kumsaidia kibandani. Wateja wake wote walisema Kinyankole, lugha ambayo sikujua ila salamu. Waliinama juu ya nyanya, wakaulizana, wakacheka, wakalalamika, na sikuelewa hata neno. Siwezi kueleza utamu wa jambo hilo. Watu walifungua vinywa na hakuna kilichoingia ndani yangu. Mwanamke akija analia, aliyelia alikuwa yeye.

Haikuwa safari iliyonyooka. Siku moja lori lilisimama na watu wa kwetu wakashuka, wanazungumza Kiswahili cha Uvira kwa sauti. Walikuwa wanabishana tu kuhusu tairi. Wifi yangu akanigusa begani.

"Uko nasema na nani?"

"Sisemi."

"Midomo yako iko nacheza."

Nikaiziba kwa mkono. Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimesimama vilevile, mgongo wima, kama Papa kwenye baraza. Wifi yangu hakuuliza zaidi. Alinipa ndoo akanituma maji, na aliwahudumia wale watu mwenyewe. Jioni alikaa nami nikamweleza yote, tangu mwanzo, na nilipokuwa namweleza nilijitahidi niseme "yule mama alisema", "yule mzee alisema". Nilisahau mara nyingi. Kila nikisahau alinikatiza: "Nani?" Nami nikarudia.

Niliporudi Rubondo nilikwenda ofisini kuonana na afisa. Nilimwambia sitarudi kwenye chumba kile. Nikamwambia pia kwamba popote atakaponiweka sitasema tena "mimi" kwa maneno ya mtu. Hakufurahi. Alisema utaratibu ni utaratibu. Nilimwuliza kama anakumbuka yule mzee aliyenitangulia. Alizungusha kalamu, kisha akaniandikia nihamie zahanati, chumba cha wajawazito.

Huko kazi yangu ilikuwa kusema "sukuma, mama", "pumua", "bado kidogo". Kulikuwa na vilio, lakini mwisho wake mara nyingi ulikuwa mtoto. Mama mzee wa Kibembe alikuja hapo siku moja, macho yamefunguka baada ya kutibiwa Ruharo, akanitazama usoni kwa makini, ikiwa mara yake ya kwanza kuniona. "Kumbe uko kijana hivi," akasema. "Sauti yako ilikuwaka ya mutu wa zamani sana." Akaenda zake kutafuta dawa ya magoti.

Nyumbani ilichukua muda zaidi. Mabinti wawili wakubwa walinirudia upesi. Wa mwisho aliendelea kwa miaka kutazama ile kona kabla ya kuketi kula, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza alichoona siku ile.

Mwaka 2015 Warundi walifika kwa wingi, wakikimbia machafuko kwao. Mahema yakajaa, watu wakalala kwenye viwanja vya shule, na wakalimani wakahitajika upesi, wengi wao vijana ambao wenyewe walikuwa wamefika juzi tu. Niliombwa niwafundishe kazi. Niliwafundisha maneno ya kisheria, na namna ya kukaa, na kumwambia mtu anywe maji. Na niliwaambia waseme "anasema", kwa jukumu langu.

Kulikuwa na msichana mmoja mahiri kuliko wote, Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, vyote vilimtoka bila kujikwaa. Mchana mmoja nilimkuta amesimama nje ya hema, peke yake juani, amegeuzia sikio upande wa ziwa.

"Tantine," akaniambia, akiniita shangazi kwa Kifaransa, "huyo mtoto wamwache alie tu? Mama yake yuko wapi?"

Nilisikiliza. Palikuwa na upepo, na mtu akipiga misumari mbali. Hakuna mtoto aliyelia.

"Jana usiku umelala?" nikamuuliza.

"Nimelala."

"Asubuhi umekula nini?"

Alifikiri. Nikaona macho yake yanatafuta, yanarudi mikono mitupu.

"Twende ukanywe chai," nikasema.

"Haiwezekani, tantine. Angalia benchi." Watu walikuwa wamepanga foleni hadi nje ya kivuli, na wa mbele, mwanaume mwenye koti la suti na miguu mitupu, alikuwa anamsubiri yeye. "Nikimaliza hawa nitakuja."

Nilijua hawatamalizika. Nikamwambia yule mwanaume, kwa heshima, kwamba atasubiri kidogo. Nikamshika msichana mkono, akavuta, nikakaza, nikamwondoa pale.